Je, Timu Isiyo na Nyota Yaweza Kuzaa Nyota?



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuwapeleka uwanjani. Mpira wa kikapu bado ni mchezo mchanga katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, ambako soka na mbio ndivyo vilivyotawala mioyo ya vijana kwa miaka mingi. Hata hivyo vijana wetu wanaosoma mijini hurudi likizo na mchezo huo midomoni, nao huja na maswali. Mojawapo limetukaa akilini: je, timu yenye wachezaji wengi wazuri, lakini isiyo na nyota hata mmoja, yaweza kumtoa mchezaji atakayehesabiwa miongoni mwa nyota? Au nyota hutokea pale tu ambapo timu nzima imeamua kumchezea mtu mmoja?

Swali hili laonekana kuwa la kupitisha muda tu. Kwa maoni yetu si hivyo. Jinsi tunavyolijibu ndiyo jinsi tunavyoamua nani apewe viatu, nani alipiwe karo, nani aingie uwanjani na nani abaki benchini mpaka akate tamaa. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tukilichambua taratibu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ndiyo, yaweza. Tena nyota anayetoka katika kikosi kipana ndiye mara nyingi hudumu na hurudi kuwakumbuka wenzake. Lakini jambo hili halitokei lenyewe. Yana masharti yake, na pale masharti yanapokosekana, kikosi kipana huweza kuvizika vipaji badala ya kuviotesha.

Kwanza tuelewane juu ya neno nyota. Katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, nyota si sifa ya mdomoni tu. Kila mwaka, mwezi wa Februari, huchaguliwa wachezaji wa kucheza mechi maalumu ya nyota, na kwa desturi kila kanda, ya Mashariki na ya Magharibi, hutoa 12. Watano wa mwanzo kwa miaka mingi walichaguliwa na mashabiki peke yao. Tangu mwaka 2017 kura za mashabiki zimehesabiwa kuwa nusu, na nusu iliyobaki ikagawanywa kati ya wachezaji wenyewe na waandishi wa habari. Wale saba wa akiba huchaguliwa na makocha.

Hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Mashabiki humchagua wanayemjua kwa sura na kwa jina. Makocha huchagua kwa kazi waliyoiona, hasa ile iliyowatesa wao wenyewe walipokutana nayo. Basi mchezaji wa timu isiyo na majina makubwa ni nadra kuingia kwa mlango wa mashabiki. Huingia kwa mlango wa makocha, na macho ya makocha huvutwa na ushindi. Timu ikishinda sana, kila kocha hujiuliza: ni nani anayewafanya hawa washinde? Lazima awepo mtu wa kutajwa, na aliyekuwa hatajwi hutajwa.

Mfano wa kwanza ni Detroit Pistons. Mwaka 2004 walikutana katika fainali na Los Angeles Lakers wenye Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton, majina manne ambayo kila mmoja wake angetosha kuuza tiketi. Detroit walishinda michezo minne kwa mmoja. Walikuwa nani? Ben Wallace hakuteuliwa na timu yoyote alipomaliza chuo mwaka 1996. Ingawa wakati huo alikwisha kuitwa kwenye mechi ya nyota, aliitwa kwa kuzuia na kuokota mipira, kazi ambazo watoto hawaziigizi mitaani. Chauncey Billups alikuwa amepitishwa timu hadi timu, kama mzigo ambao kila mwenye gari huusogeza kwa mwenzake. Lakini mwaka 2006, baada ya miaka ya kucheza pamoja, timu hiyo ilishinda michezo 64, na wachezaji wake wanne waliitwa kwa pamoja kwenye mechi ya nyota: Billups, Richard Hamilton, Rasheed Wallace na Ben Wallace. Billups hakuwa amewahi kuitwa kabla ya hapo. Hakugeuka kuwa nyota kwa kuwaacha wenzake, bali kwa kukaa nao.

Mfano wa pili ni Atlanta Hawks wa msimu wa 2014/15. Mwezi wa Januari 2015 walicheza michezo 17 na kushinda yote. Ligi ilipotaka kumtunuku mchezaji bora wa mwezi huo katika Kanda ya Mashariki, haikuweza kumtenga mmoja, ikawatunuku watano wa kikosi cha kwanza wote kwa pamoja. Mwaka huohuo wanne wao waliitwa kwenye mechi ya nyota: Al Horford, Paul Millsap, Jeff Teague na Kyle Korver. Wapenzi wengi wa mchezo huu nje ya Atlanta wasingeweza kuwataja wanne hao miezi sita kabla.

Hata hivyo haki inatudai tueleze na upande wa pili. Msimu wa 2012/13 Denver Nuggets walishinda michezo 57 kati ya 82, na nyumbani kwao walipoteza mitatu tu. Kocha wao, George Karl, alitunukiwa kuwa kocha bora wa mwaka. Kikosi chao kilikuwa kipana kweli: Ty Lawson, Danilo Gallinari, Andre Iguodala, Kenneth Faried na wengine. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa kwenye mechi ya nyota mwaka ule. Kisha, katika hatua ya kwanza ya mtoano, walitolewa na Golden State Warriors waliokuwa na kijana mmoja aliyeitwa Stephen Curry.

Kwa nini Detroit na Atlanta walizaa, na Denver hawakuzaa? Sababu mojawapo ni hesabu ya kawaida. Mchezo wa NBA una dakika 48, na kila timu ina watu watano uwanjani. Jumla ni dakika 240 za kugawana. Ukizigawa sawasawa kwa watu kumi, kila mmoja apata 24. Nyota wa kawaida hucheza 35 au zaidi. Mtu wa dakika 24 hata awe hodari kiasi gani, alama zake zitaonekana chache, na anayesoma takwimu gazetini atampita bila kumwona. Kwa hiyo upana wenyewe, ukigawanywa kama ugali wa msibani, kila mtu tonge moja lilelile, humshibisha kila mtu kidogo na haumkuzi yeyote.

Detroit na Atlanta hawakugawa hivyo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake iliyojulikana: huyu huzuia, huyu hupanga mchezo, huyu hupiga kutoka mbali. Korver alijulikana kwa kupiga mipira ya alama tatu, naye akaachiwa aipige. Kikosi kipana kizaacho ni kile ambacho kila mtu anajua alichopewa na wenzake wanajua wamwachie lini. Waamini wetu watakumbuka kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Hakuwaambia kwamba viungo vyote ni jicho, wala kwamba kila kiungo kipewe zamu ya kuona.

Sasa turudi huku kwetu Afrika Mashariki, maana ushahidi hauko Marekani peke yake.

Luol Deng alizaliwa Wau, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Familia yake ilikimbilia Misri kwa sababu ya vita, ikahamia London, na hatimaye yeye akafika Marekani. Akiwa na Chicago Bulls aliitwa kwenye mechi ya nyota mara mbili, mwaka 2012 na 2013. Tuangalie ile ya pili. Nyota mkubwa wa Chicago, Derrick Rose, aliumia goti Aprili 2012, na msimu wote wa 2012/13 hakugusa mpira. Wengi waliiona timu hiyo kuwa imekwisha. Badala yake ilishinda michezo 45, ikaufikisha mwisho mfululizo wa ushindi 27 wa Miami Heat ya LeBron James, na ikatoa wachezaji wawili wa mechi ya nyota: Deng, na Joakim Noah aliyeitwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nyota alipotoka, kivuli chake kilitoka pia, na waliokuwa chini yake wakaonekana. Na tusisahau kwamba Deng ndiye aliyecheza dakika nyingi kuliko wote katika ligi kwa wastani wa mchezo. Mzigo ulipoanguka, kocha aliuweka kwenye bega lililo tayari. Hakuukata vipande kumi.

Deng huyohuyo, alipostaafu, aliongoza shirikisho la kikapu la Sudan Kusini tangu mwaka 2019, akatumia hata fedha zake mwenyewe kuiendesha timu ya taifa. Nchi hiyo ilipata uhuru Julai 2011, na hata timu yake ilipokwenda Olimpiki ya Paris haikuwa na uwanja wa ndani wa kikapu. Wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi waliotawanyika duniani, na kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuitwa kwenye mechi ya nyota ya NBA. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 waliwashinda China, Ufilipino na Angola, wakapata tiketi ya Olimpiki kama timu bora ya Afrika. Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, waliwaongoza Marekani 58 kwa 42 wakati wa mapumziko, wakapoteza kwa alama moja tu, 101 kwa 100, na ilimbidi LeBron James mwenyewe afunge katika sekunde za mwisho kuwaokoa Wamarekani. Siku nane baadaye, Lille, waandaaji walikosea wakapiga wimbo wa taifa la nchi nyingine. Vijana wale walisimama, wimbo wao ukapigwa baadaye, kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Je, kikosi hicho kilizaa nyota? Katika Kombe la Dunia la 2023 walimpeleka kijana wa miaka 16, Khaman Maluach, aliyekulia Uganda kama mkimbizi. Hakuwa nyota wa timu. Alikuwa mdogo wao. Walimbeba, wakampa dakika chache, wakampeleka tena Paris akiwa na miaka 17. Juni 2025 aliteuliwa wa kumi katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ni kweli kwamba chuo cha NBA kilichoko Senegal na Chuo Kikuu cha Duke vilimfundisha mengi, wala hatudai kwamba amekwisha kuwa nyota. Tunasema tu kwamba kikosi kisicho na nyota kilikuwa na nafasi kwa mtoto ambaye timu ya nyota ingemwambia asubiri.

Kwetu Tanzania tunamkumbuka Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 aliteuliwa wa pili katika uchaguzi wote, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Ilikuwa heshima kubwa kwa taifa, na twampongeza hadi leo. Lakini tujiulize kwa upole: alipokuwa akikua Dar es Salaam, kulikuwa na vijana wangapi warefu na hodari wa kumsukuma kila siku mazoezini? Na baada yake wamefuata wangapi? Mti mmoja mrefu katika mbuga hupigwa na upepo wote. Mti wa msituni hurefuka kwa sababu jirani zake wanarefuka.

Nasi wa Mara tunao ushahidi wetu. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi alitwaa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Paris 2024, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Tuone sasa ni nani walikuwa wakikimbia kizazi hicho: Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, Gidamis Shahanga aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, Juma Ikangaa aliyeshinda New York mwaka 1989. Medali mbili hazikutoka kwa watu wawili waliokuwa peke yao jangwani. Zilitoka wakati nchi ilipokuwa na wakimbiaji wengi, na kila mmoja alijua kwamba akilala, yupo mwingine wa kumpita.

Wapendwa, tumesema hayo yote ili tufike nyumbani.

Hapa kwetu, kutoka Sirari hadi Nyamongo, kutoka Nyamwaga hadi Mugumu, tunayo desturi ya kumtafuta mmoja. Familia yenye watoto saba humchagua mmoja wa kusomeshwa. Shule humwona mchezaji mmoja katika mashindano ya UMISSETA, ikampa sifa zote, na wengine wakageuzwa kuwa washangiliaji. Kijiji humsifu kijana mmoja aliyefika Mwanza au Dar es Salaam, na kumsahau yule aliyemfundisha kuhesabu. Tunaelewa kwamba umaskini ndio unaotufanya tuchague. Lakini mara nyingi tunamchagua mapema mno, kabla hajakomaa, na kwa kumchagua yeye tunawaondoa wale ambao wangemkomaza.

Lipo na jambo zito zaidi. Kikosi hakiwezi kuwa kipana ikiwa nusu ya wachezaji wanaondolewa uwanjani kabla mchezo haujaanza. Kila Desemba inapokaribia, hasa katika miaka ambayo wazee wa koo wametangaza msimu wa tohara, mabinti wa wilaya zetu hukabiliwa na ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado upo. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, vimewapokea mabinti waliokimbia kwao usiku ili wasikatwe. Binti wa miaka 13 aliyekuwa akikimbia vizuri kuliko kaka zake huitwa mtu mzima ghafla. Baada ya kisu huja mahari, na baada ya mahari shule imekwisha. Hatutajua kamwe kama alikuwa nyota. Tunaposema kwamba Mara haitoi vipaji kama zamani, tujiulize kwanza tumewaweka wapi mabinti zetu.

Tunajua yapo mapingamizi. Wapo watakaosema: Atlanta wa mwaka 2015 walifika nusu fainali, wakakutana na LeBron James, wakafungwa michezo minne kwa sifuri, mwisho wa yote nyota hushinda. Ni kweli, na hatulifichi. Lakini swali letu halikuwa nani huchukua kombe. Swali lilikuwa kama wengi wanaweza kumzaa mmoja, na kwa hilo Atlanta walitoa wanne. Tena LeBron hazaliwi kila mwaka. Shule ya kata inayomsubiri LeBron itasubiri mpaka paa lake lioze, ilhali shule inayowalea kumi wazuri itakuwa na la kufanya kesho asubuhi.

Wengine watasema kwamba nyota mmoja huvuta wafadhili, na fedha zake huwafikia wote. Huenda. Lakini Deng alirudi na fedha zake kwa sababu aliona kwamba alibebwa na wengi: Manute Bol aliyemfundisha akiwa mtoto mkimbizi kule Misri, na ndugu zake, na jumuiya ya wahamiaji wenzake. Mtoto aliyelelewa akidhani kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kipaji, arudi kwa nani?

Basi tunapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. 

Walimu wa michezo, kila mchezaji mpeni kazi yake kwa jina, hata yule wa mwisho benchini, na katika kila mazoezi wapangeni wachezaji wa akiba dhidi ya kikosi cha kwanza bila kuwahurumia. Hapo ndipo wa kwanza atakaponolewa na wa akiba atakapoonekana. Na mkimwona aliyeiva, msiogope kumwongezea dakika kwa kisingizio cha usawa. Usawa ni kila mtu kupewa nafasi ya kuiva. Si kuwazuia walioiva.

Wazazi, msimpambanue mtoto mmoja mapema. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeonekana mzito huenda akawa ndiye nguzo akifika cha nne. Na binti ahesabiwe tangu mwanzo katika hesabu ya watoto wa kusomeshwa na wa kucheza, bila kungoja kaka zake washindwe.

Nanyi vijana, msione aibu kuwa katika timu isiyo na jina. Zuia, pasia, rudi kukaba, mwachie mwenzako aliye katika nafasi nzuri. Kama timu ikishinda, watakuja watu kuuliza ni nani aliyekuwa akifanya kazi ile. Na kama hawakuja, utakuwa umejifunza kuishi na watu kumi bila kugombania mpira mmoja, na somo hilo litakusaidia katika ndoa, katika kazi na katika uongozi wa kijiji.

Tunawatakia juma jema na mazoezi mema.